Banda la Ami, Maweni, Malindi: ukitaka kujua mbona marisiva nyota wa chuo wanapotea NFL, nenda Jumamosi

Ukiniuliza kama hili banda la kuangalia NFL, ile ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, linafaa kwenda, nianze na jawabu kabisa: nenda, ila nenda Jumamosi. Jumapili usiku ndio banda hujaa, kelele, watu wamesimama mpaka mlangoni, na ni raha yake, lakini raha hio hata ukikaa kwako na simu yenye bando utaipata. Kitu ambacho hili banda linacho na mimi sijakiona pengine popote kuanzia Kilifi mpaka Lamu ni kile kikao cha Jumamosi baada ya sala ya alasiri, pale Ami anapofungua mechi zilizopita kwa ile kamera ya juu inayoonesha wachezaji wote 22 kwa pamoja, anasimamisha, anarudisha nyuma, anauliza maswali, na watu wanabishana mpaka maghrib inaadhiniwa. Shilingi hamsini tu, na chai ya tangawizi ya kwanza iko ndani ya hio hamsini.

Liko Maweni, ndani ndani kidogo, muulize mwenye tuktuk akupeleke kwa Ami wa mpira wa yai, wengi wanapajua. Paa la makuti, mabenchi ya mbao, feni mbili, projekta inayopiga kwenye ukuta uliopakwa chokaa nyeupe. Wakati wa Ligi ya Uingereza ni banda la mpira kama mabanda mengine yote ya mtaa. Tofauti inaanza Septemba msimu wa NFL ukifunguliwa, manake Ami mwenyewe alikaa Minnesota miaka mingi akifanya kazi kwenye ghala la mizigo, na huko ndiko alikoingiwa na Minnesota Vikings, timu ya huko, mpaka kwenye mifupa. Karudi Malindi na ule ugonjwa wake, na sisi tumeambukizwa.

Sasa mbona nasema Jumamosi. Kwa sababu ya swali moja ambalo kila mgeni wa huu mchezo hulileta, na mimi pia ndilo lililonifanya nianze kwenda: inakuaje kijana anatamba chuoni, anadaka kila kitu, anashinda matuzo, anachaguliwa mapema kwenye drafti, yaani pale timu za NFL zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, alafu akifika NFL anakuwa hayuko? Sio mmoja, ni wengi, na wengi wao ni marisiva, yaani wale wa kukimbia pembeni na kudaka mipira ya kotabeki, yule mrushaji wa timu. Kwenye Jumapili huwezi kulijibu hili swali, kwa sababu kamera ya televisheni inaufuata mpira, na risiva anayefeli hafeli mpira ukiwa hewani, huwa ashafeli kabla haujarushwa. Mpaka umuone kwa juu.

Ami anapenda kuanza na jeraha lake mwenyewe. 2016 Vikings walimchagua risiva Laquon Treadwell namba 23 kwenye drafti, kutoka chuo cha Ole Miss, kijana mkubwa wa mwili, mikono mizuri, chuoni msimu wake wa mwisho alidaka mipira 82 kwa yadi 1,153 na tachidauni 11, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui. Msimu wake wa kwanza NFL alidaka mpira mmoja. Mmoja, yadi 15, msimu mzima. Na sio eti timu haikuwa na mahali pa kumweka, mbele yake walikuwepo marisiva wawili, Stefon Diggs, ambaye alichaguliwa namba 146 mwaka 2015, na Adam Thielen, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote, alitoka chuo kidogo cha hapo hapo Minnesota akaja kwa majaribio 2013 akang'ang'ana. 2018 hao wawili kila mmoja alipita yadi 1,000, na Thielen alianza ule msimu kwa mechi nane mfululizo za yadi 100 au zaidi. Treadwell alikuwa pale pale, mazoezi yale yale, kochi yule yule, kotabeki yule yule, na hakupita.

Hapo ndipo Ami anaweka klipu mbili kwa pamoja, ya Treadwell chuoni na ya Thielen NFL, na kuna barobaro mmoja siku hio akauliza vizuri sana, "Ami, huyu wa chuo si ndio mkubwa zaidi na ndio anadaka vizuri zaidi, mbona hapa hapati mpira?" Ami akamjibu, "Mwanangu, wacha mpira. Niangalilie miguu yake hatua tatu za mwanzo, alafu niangalilie kona aliye mbele yake kasimama wapi."

Na ukiangalia, wallahi unaona. Chuoni kona, yule mlinzi wa pembeni, mara nyingi anasimama mbali, yadi saba, nane, anamuogopa nyota asimpite, kwa hivyo risiva anaondoka bure kabisa, anakimbia bila kuguswa, anageuka, anadaka, na kwa mwili wake anamburura mlinzi. NFL kona anakuja anasimama puani kwake. Sheria ya NFL inamruhusu kumgusa risiva ndani ya yadi tano za mwanzo, na hizo yadi tano wenye kazi yao wanazitumia zote, anakutia mikono kifuani, anakusukuma kuelekea mstari wa pembeni, na kotabeki wako hawezi kukungoja kwa sababu ana chini ya sekunde tatu hivi kabla hajaangukiwa na watu wa kilo mia na ushee. Ukichelewa kutoka pale mstarini umekwisha, hata kama mikono yako ni ya dhahabu haitadaka mpira ambao haukuja. Thielen ndio unamuona anatingisha bega, mguu unaonesha kushoto, mkono unapangusa mkono wa kona, na ashapita. Hio ni kazi ya mikono na miguu, inafundishwa, na chuoni mtu mwenye kipaji kikubwa hua hana haja ya kuijua, hapo ndipo shida ilipo. Kipaji chenyewe kilimfanya asiihitaji.

Tena mfikirie huyo kona wa chuo ni nani. Huko Marekani timu za chuo za daraja la juu ni zaidi ya 130, NFL ziko 32, na kila mwaka drafti nzima ni kama majina 250 na kitu kwa nafasi zote za uwanjani. Manake wengi wa wale walinzi ambao nyota wetu aliwapita hawatacheza kwa kulipwa hata siku moja. Ami husema ni mtu aliyezoea kuvua ndani ya mwamba, samaki wapo, maji yametulia, alafu unampeleka bahari kuu na mashua ile ile.

Kuna na mambo ya uwanja wenyewe ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mtangazaji yeyote. Ile mistari midogo ya katikati ambapo mchezo unaanzishwa, chuoni imeachana futi 40, NFL futi 18 na nusu. Uwanja ni ule ule, upana futi 160. Kwa hivyo chuoni mpira ukiwa umewekwa upande mmoja, upande wa pili unabaki na eneo kubwa sana, unamweka nyota wako kule peke yake na mlinzi mmoja na unamwambia nenda. NFL mpira uko karibu na katikati kila saa, ule uwanja mpana haupo, na walinzi wa nyuma wanasaidiana kutoka pande zote mbili. Ongeza na hili, chuoni mguu mmoja ndani ya mstari unatosha mpira kuhesabiwa, NFL ni miguu yote miwili. Ukiwa umedaka pembeni miaka mitatu kwa mguu mmoja, mwili unakuwa na mazoea yake, na mazoea hayatoki kwa wiki mbili za kambi ya mazoezi.

Kile kikao kilichonikaa zaidi ni cha Corey Coleman. Chuoni kwao Baylor alikuwa moto, 2015 alidaka mipira ya yadi 1,363 na tachidauni 20, akapewa tuzo ya Biletnikoff, ile ya risiva bora wa vyuo vyote, na Cleveland Browns wakamchukua namba 15 mwaka 2016. Ukiangalia kwa juu vile Baylor walivyokuwa wakicheza, marisiva wamesukumwa mpaka karibu kabisa na mistari ya pembeni, walinzi wametawanyika uwanja mzima, na njia wanazokimbia ni chache mno, nenda moja kwa moja, au geuka nyuma, au katiza ndani. Kila kitu kinaenda haraka, hakuna kukusanyika, wachezaji wanageuza shingo kuangalia benchi wanaoneshwa ishara, wanakimbia.

Sasa NFL kitabu cha michezo ni kizito. Kotabeki anakusanya watu anasema sentensi ndefu kama anasoma hati ya shamba, na risiva ndani ya ile sentensi lazima ajue anasimama wapi, anakimbia njia gani, na likitokea hili anaibadilisha vipi. Hilo la kubadilisha ndilo zito zaidi. Mpira ushaanzishwa, unakimbia, unatakiwa umuone mlinzi wa nyuma anaenda wapi, na kulingana na yeye ukatize au uendelee, na kotabeki kule nyuma anaona kitu kile kile na anarusha kabla wewe hujageuka. Mkisoma tofauti, mpira unaenda mahali ambapo hapana mtu, au unaenda kwa adui. Na kwenye televisheni utaona tu mpira umerushwa ovyo, watu wote bandani wanamtukana kotabeki, kumbe ukirudisha kwa kamera ya juu ni risiva alienda njia ya kitabu kingine. Ami alisimamisha klipu moja kama hio akawacha watu wabishane karibu nusu saa bila kusema neno, na mimi huo ndio ufundi wa mwalimu ninaoulipia.

Huko Cleveland, Coleman alivunjika mkono misimu yote miwili, na timu yenyewe ilishinda mechi 1 ikapoteza 15 mwaka 2016, na 0-16 mwaka 2017, yaani msimu mzima bila ushindi hata mmoja, makotabeki wanabadilishwa kila saa. Kuna wazee hapo bandani ambao kwao jibu ni pesa tu, kwamba kijana wa miaka 21 akipata mamilioni hawezi tena kukimbia. Mimi nalipinga hili kila linapotokea na nitaendelea kulipinga. Pesa hizo hizo amezipata Justin Jefferson, risiva wa Vikings, na hakuwacha kukimbia. Mtu aliyevunjika mkono mara mbili kwenye timu iliyoshinda mechi moja tu kwa misimu miwili, ukasema ni ulevi wa pesa, humtendei haki.

Na wako ambao mwili tu ulikataa. Charles Rogers wa chuo cha Michigan State, Detroit Lions walimchukua namba 2 mwaka 2003, akacheza mechi tano tu akavunjika mfupa wa mtulinga mazoezini, 2004 mechi ya kwanza tu ya msimu akavunjika tena pale pale. Alimaliza NFL na mipira 36 maisha yake yote. Andre Johnson aliyechaguliwa namba 3, baada yake tu, yuko kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huu. Kevin White, namba 7 mwaka 2015, Chicago Bears, mguu ukamkosesha msimu wa kwanza wote, wa pili akacheza mechi nne, wa tatu mechi moja, bega. Kijana wa mwaka wa kwanza na wa pili ndio anatakiwa ajifunze yale yote niliyoyasema juu, ya mikono, ya njia, ya kusoma walinzi, na haya hayajifunzwi kitandani. Watu wanahesabu mechi alizokosa, mimi nahesabu mazoezi aliyokosa.

Vyakula sitasema sana. Viazi karai vya moto vikiwa na ukwaju ni vizuri, mihogo ya ndimu na pilipili ni mizuri zaidi, kahawa tungu ipo. Mishkaki usiiagize baada ya saa nne usiku, inakuwa imekauka.

Jumamosi nyingine ilikuwa ya mbio. Hili walisikilize wale wanaomsifu risiva kwa saa ya kupimia mbio. 2017 John Ross wa chuo cha Washington alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, wakati huo rekodi ya majaribio ya NFL ya vijana kabla ya drafti, imekuja kuvunjwa 2024 na Xavier Worthy kwa 4.21. Cincinnati Bengals wakamchukua Ross namba 9. Msimu wa kwanza hakudaka hata mpira mmoja, majeraha yakiwemo. Drafti ile ile, namba 69, Los Angeles Rams walimchukua Cooper Kupp, kutoka Eastern Washington, chuo ambacho hata si cha daraja la juu, yeye yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 4.62. Huyo wa pole ndiye aliyekuja kuongoza ligi nzima 2021 kwa mipira 145, yadi 1,947 na tachidauni 16, alafu akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi. Kwa kamera ya juu unaelewa. Ross akikimbia moja kwa moja hakuna wa kumshika, lakini mlinzi wa nyuma anajua hilo, anarudi nyuma mapema, na zile njia nyingine ndogo ndogo za kusimama na kugeuka hazimtishi mtu. Kupp kila njia inaanza sawasawa, hatua zile zile, kichwa kile kile, mlinzi hajui ni ipi mpaka ashaachwa. Kusimama ghafla na kugeuka ndani ya hatua mbili hakupimwi na yadi 40, na mimi nikiwa mwenye timu ningepima hicho kwanza.

Wengine hawapotei kabisa, wanahama kazi. Ami hapa macho yanamng'ara akimtaja Cordarrelle Patterson, Vikings namba 29 mwaka 2013, aliyecheza msimu mmoja tu chuo cha Tennessee kabla ya hapo. Kama risiva hakutulia, njia zake hazikuwa safi, lakini mpe mpira mkononi na uwanja mbele yake, ana rekodi ya NFL ya kurudisha mipira ya kuanzia kwa tachidauni, tisa. Na alicheza miaka mingi. Kwa hivyo kochi naye ana lake, unaweza kumlazimisha mtu awe kile asichokuwa, au unaweza kumtumia kwa alichonacho. 2020 Philadelphia Eagles walimchukua Jalen Reagor namba 21 na Vikings namba 22 wakamchukua Jefferson, akapiga yadi 1,400 msimu wa kwanza. Ukitaka kumuona Ami akicheka muulize hio siku.

Jumapili sasa. Mechi za kwanza ni saa mbili usiku mpaka mwanzoni mwa Novemba, alafu Wamarekani wakibadilisha saa zao zinakuwa saa tatu. Zile za pili zinaingia karibu na saa sita usiku, na hio ya mwisho kabisa ni alfajiri, Ami haifungui ila ikiwa Vikings wanacheza. Shilingi mia. Makosa yapo na nitayasema: intaneti inakatika kila mtaa mzima ukiwa hewani, picha inaganda pale pale penye utamu, na stima ikipotea jenereta inachukua muda kuwaka. Kaskazi ikipungua Februari joto la mle ndani si mchezo, feni mbili hazitoshi kwa watu wote wale. Na hakuna sehemu nzuri ya kina mama na wasichana kukaa, wadogo zangu wawili wangependa kuja na wanaona haya kubanwa kwenye benchi na wanaume. Nimemwambia Ami, kasema ataweka viti upande wa uani, naomba aweke kweli kabla ya Septemba.

Kwa Jumapili nampa tatu na nusu kwa tano. Kwa kikao cha Jumamosi nampa tano zote. Fika mapema, ukifika saa kumi na nusu unakaa nyuma ya nguzo. Lipa kwa M-Pesa au mkononi. Na kama hujui kitu kabisa usiogope kuuliza, Ami hamcheki mtu, tena swali la mgeni ndilo humfanya arudishe klipu mara tatu. Jumamosi ijayo ni zamu ya Puka Nacua, Rams walimpata namba 177 mwaka 2023 na msimu huo huo akavunja rekodi za wanaoanza, mipira 105, yadi 1,486, na Ami anataka tuseme wenyewe timu zote zile zilikuwa zinaangalia nini.